Kuku wa Upande wa Kushoto

Barua iliyomwita Ramla kwenye usaili ilisema mambo matatu: Alhamisi, saa tatu asubuhi, mavazi ya heshima. Siku na saa hazikumpa shida. Hayo mavazi ya heshima ndiyo yaliyomtoa jasho, maana katika nyumba ya fundi wa nguo mtu hachagui cha kuvaa peke yake.

Baba yake, Papa Kasimu, alikuwa ameshonea karibu mtaa mzima wa Hewa Bora. Watoto aliowashonea sare za shule sasa walikuja kushonesha za watoto wao. Kwa miaka thelathini na kitu mashine yake ilikaa pale pale barazani, ikitazama barabara ya vumbi jekundu, na mtu aliyepita bila kumsalimia alikuwa ama mgeni ama ana msiba. Asili yao ilikuwa Maniema. Babu yake Kasimu, kwa maneno ya Kasimu mwenyewe, alifika Katanga akiwa na sindano tatu na Kurani, na hakuna hata kimoja kilichopotea. Kwa hiyo barua ilipofika, mzee hakumuuliza binti yake atavaa nini. Aliuliza tu anataka kola ya namna gani.

Ramla, kwa upande wake, alikuwa ameshanunua koti jeusi. Alilichomoa kwenye rundo la mitumba kule mjini: halina doa, limekaa vizuri mabegani, linafanana kabisa na makoti ya wanawake wanaoingia na kutoka kwenye milango ya vioo ya katikati ya mji. Akalificha chini ya godoro, yeye mtu mzima wa miaka ishirini na sita mwenye shahada yake, kama mtoto aliyeiba sukari. Koti la kununua, ndani ya nyumba ya Kasimu, si nguo. Ni tusi.

Jumatano alasiri baba yake akamwita barazani. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Lubumbashi imeshaanza kuuma masikio, na watu wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakiota jua lililobaki. Mmoja alikuwa Mama Kapinga, jirani, Mkasai muuza vitenge mwenye sauti ya kutosha soko zima. Mwingine alikuwa Floribert, mwalimu wa kwaya ya parokia, aliyekuja kuulizia suruali yake.

"Vala, mama," Papa Kasimu alisema, akamnyooshea binti yake koti.

Kitenge kilikuwa zawadi ya Mama Kapinga. Rangi ya buluu iliyoiva, na juu yake kuku wadogo weupe wamepangwa kwa safu, kila mmoja na kishungi chake na miguu yake miwili myembamba. Ukisikia kuku na ofisi unaweza kucheka, lakini kwa mbali walionekana kama nukta za heshima kabisa. Kola ililala vizuri. Mabega yalikaa. Ramla akajitazama kwenye kioo cha ukutani na moyo wake, uliokuwa umekataa koti lile kabla ya kuliona, ukaanza kulegea. Kisha akatazama kifua.

Kuku wa upande wa kulia walikuwa wamesimama. Kuku wa upande wa kushoto walikuwa vichwa chini, miguu juu, safu kwa safu, kama kuku waliofungwa miguu wakapelekwa sokoni.

Hapa inafaa nieleze, kwa faida ya wale ambao hawajawahi kushika mkasi. Kuna vitenge vya maua na mizunguko ambavyo havina juu wala chini. Hivyo unavikata utakavyo. Na kuna vile ambavyo mafundi husema vina kichwa. Kitenge chenye kichwa hukikunji juu chini ukakata vipande viwili kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kipande kimoja kitatoka kimepinduka. Ni somo la wiki ya kwanza. Ramla alilijua kabla ya kujua kusoma, kwa kuwa baba yake alimwimbia kila mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi: "Kikwembe iko na kichwa na miguu. Uangalie mbele ya kukata." Mwanafunzi mmoja alifukuzwa kwa ajili ya tausi waliopinduka kwenye gauni la bibi harusi, na kufukuzwa kwake bado kulisimuliwa barazani.

"Iko aje?" Papa Kasimu aliuliza. Alikuwa anamtazama binti yake, lakini macho yake yalitua mahali fulani juu ya bega.

Ramla akafungua mdomo. Mama Kapinga akamtangulia.

"Iko muzuri sana, Papa Kasimu. Mikono yako haizeeke."

"Bien cousu," akasema Floribert, yaani imeshonwa vizuri, akiinama kutazama viatu vyake.

Mama Kapinga huyu, tafadhali, ni mtu anayetambua kitenge cha bandia kikiwa ng'ambo ya barabara, kimevaliwa na mtu anayekimbia. Haikuwezekana asione kuku.

"Na weye, mama?" Papa Kasimu alimuuliza binti yake.

"Muzuri, Papa," Ramla alisema, na akachukia jinsi neno lilivyomtoka kwa urahisi.

Alimsindikiza Mama Kapinga hadi barabarani. Walipofika kwenye ukuta, mama yule akageuka, akapunguza sauti yake hadi ikawa sauti ya watu wa kawaida.

"Uliona."

"Niliona, mama."

"Basi utavala foulard kubwa, ianguke fasi ya kushoto. Nitakuletea yangu ya bleu. Hakuna muntu ataona kitu."

"Mama, mulikuwa munayua?"

"Mwanangu, weye ulikuwa kule Bel-Air. Siye bote tunayua." Akamshika mkono. "Nguo ya Papa Kasimu hatuichukue siku anamaliza. Tunaichukua samedi. Vendredi akienda ku mosquée, mama yako anafumua, anatengeneza, anarudishia. Papa yako hayue, na nguo inatoka muzuri. Weye tu njo entretien yako inaangukia jeudi." Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa ya mama yake.

Miaka miwili Ramla alikaa mtaa wa Bel-Air kwa shangazi yake, akifanya kazi ya mkataba, na mkataba ulipokwisha alirudi nyumbani. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita. Ijumaa zote tatu alizimaliza mjini akigawa barua za kuomba kazi. Akarudi ndani taratibu, akamkuta mama yake, Mama Asha, uani akichambua mboga ya lengalenga.

"Tangu lini, mama?"

Mama Asha hakujifanya haelewi. "Tangu mvua ya mwaka iliyopita."

"Juu ya nini hamumwambie?"

"Nimwambie nini? Ile mashini njo yeye mwenyewe. Ukimwambia haone, kesho asubui atakaa fasi gani?" Akaendelea kuchambua majani. "Kila asubui, mbele yeye aamke, naingiza uzi mu sindano kumi na mbili. Nyeusi, nyeupe, bleu, zote. Naichoma mu kamto yake. Anakuta iko tayari. Haulize kitu, na miye sisemi kitu. Tunakaa muzuri."

Ramla alitaka kukasirika akashindwa. Alimwona mama yake alfajiri, katika baridi ile, akipenyeza nyuzi kumi na mbili kwenye matundu kumi na mawili, na hasira ikakosa pa kukaa. Kilichobaki kilikuwa woga. Kesho angeingia ofisini kuomba kazi aliyoitamani kuliko kitu chochote, akiwa na kuku waliopinduka kifuani. Au angewavua, na baba yake angeuliza kwa nini.

Asubuhi aliamka mapema, akatandika nguo zote kitandani: koti jeusi, koti la kuku, foulard ya Mama Kapinga, ule mtandio wa buluu. Alijaribu jeusi kwanza. Kwenye kioo akaonekana kama mtu ambaye ameshaajiriwa, tena ana ufunguo wa kabati. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Angepita kwa majirani, angefika mjini, na koti la kuku lingesubiri kwenye mfuko hadi wakati wa kurudi.

Ndipo aliposhika koti la kuku, alilokuwa amelikuta limetundikwa mlangoni pake, akahisi bado lina joto la pasi. Akachungulia barazani. Baba yake alikuwa ameshaamka, akipuliza majivu kwenye pasi ya makaa, akipiga pasi sketi ya Ramla pia. Mkono wa kushoto ulitangulia ukipapasa ukingo wa kitambaa, na pasi ikafuata nyuma yake polepole.

"Leo batauliza nani alishona," alisema bila kugeuka, kwa kuwa alimtambua kwa nyayo. "Utabaambia ni Kasimu wa Hewa Bora."

"Ndiyo, Papa."

Akarudi chumbani, akavua koti jeusi, akalirudisha chini ya godoro. Sitasema alifanya hivyo kwa furaha. Lilikuwa koti zuri na lilimuuma kuliacha. Akavaa la kuku, akafunga kitambaa chake kichwani, akatupa foulard ya buluu juu ya bega la kushoto na kuibana kwa pini, akatoka.

Ofisi ilikuwa ya wakala wa forodha, kwenye ghorofa ya pili ya jengo la katikati ya mji: watu wanaoshughulikia karatasi za malori yanayopita mpaka wa Kasumbalesa. Aliyempokea aliitwa Madame Albertine, mwanamke wa miaka hamsini hivi, miwani ikining'inia kwa mnyororo, meza yake imejaa mafaili lakini kila faili limenyooka. Alitaka mtu wa kuhakiki karatasi kabla hazijaenda mpakani.

"Ikala, mademoiselle."

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko Ramla alivyothubutu kuomba. Akapewa hesabu za uzito, akazifanya. Akapewa ankara tatu na kuambiwa atafute kosa, akayapata mawili, na Madame Albertine, aliyekuwa anajua moja tu, akavaa miwani kuthibitisha. Chumba kilikuwa na kipasha joto cha umeme pembeni, na shavu la Ramla likaanza kung'aa kwa jasho.

"Toa hiyo foulard," Madame Albertine alisema kwa upole. "Humu iko moto. Hauko ku kilio."

Angesema nini? Akaitoa.

Madame Albertine akatazama. Akavaa miwani, akatazama tena, bila haraka, kwa macho yale yale aliyotazamia ankara.

"Mademoiselle Ramla. Kuku ya huku banafanya nini na miguu ku yulu?"

Jibu Ramla alikuwa nalo tayari, kwamba ni mtindo; alikuwa amelikariri njia nzima. "Ni modèle, Madame. Njo mode ya sasa."

Madame Albertine hakucheka. Akasukuma ankara zote kando.

"Poste hii unayua ni ya kufanya nini?"

"Kuhakikisha déclarations, Madame."

"Voilà. Chauffeur anakuya hapa, pengine ni mukubwa sawa papa yako. Eko na upole, anakuita mwanangu. Uzito ya ku facture haifanane na uzito ya ku bulletin ya mizani. Camion yake inangoya Kasumbalesa siku ya tatu. Utamwambia nini? Ni modèle?"

Masikio ya Ramla yakawaka moto ndani ya kitambaa. "Apana, Madame."

"Basi tuanze tena. Kuku banafanya nini?"

"Banapinduka. Fundi alikata mubaya."

"Uliona lini?"

"Jana."

"Ukamwambia fundi?"

"Apana."

"Juu ya nini? Unamuogopa?"

"Ni papa yangu, Madame. Macho yake haione tena muzuri. Bantu bote banayua, na hakuna mumoya alimwambia. Miye pia."

Lilikuwa jambo la ajabu kulisema kwa sauti, tena mbele ya mtu asiyemjua. Machozi yakamlengalenga na akayakazia macho yasidondoke, kwa kuwa aliona aibu kulia kwenye usaili kwa ajili ya kuku. Madame Albertine akavua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Calcul yako iko juste," alisema mwishowe. "Diplôme iko bien. Nabakiza kuyua kintu kimoya tu. Lundi, huit heures, urudie hapa. Uvale hii hii veste, sitaki ingine. Utanielezea kuku beko aje, na sababu gani."

Nyumbani Papa Kasimu alikuwa anamsubiri. Alijidai anatia mafuta mashine, lakini mashine ile ilikuwa imetiwa mafuta juzi.

"Baliuliza nani alishona?"

"Baliuliza, Papa."

"Ukasema nani?"

"Nikasema ni papa yangu."

Mzee akacheka kimya kimya, mabega yakitikisika, akapiga paja lake mara moja. Mchana kutwa kila mteja aliyefika alisimuliwa. Bantu ba bureau, alisema, watu waliosoma, watu wa mjini, waliacha kazi wakauliza nani alishona. Na Ramla, akiwa ndani akimenya viazi, alisikia kila mara, na kila mara alijiona mwongo zaidi ingawa safari hii hakuwa amesema uongo wowote.

Alipomweleza mama yake habari ya Jumatatu, Mama Asha alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Unaona vile Mungu anapanga. Vendredi iko mbele ya lundi. Kikwembe ingine inabakia mu kabati. Kesho akienda ku mosquée, nakata kipande kipya, naweka. Lundi kuku yako bote beko banasimama, na papa yako anabaki na furaha yake."

Nakiri kwamba Ramla alishawishika. Ilikuwa rahisi mno. Hakuna ambaye angeumia. Jumatatu angesema, "Nilimwambia, Madame," na nani angekwenda Hewa Bora kuhakiki? Kazi angeipata. Halafu kila asubuhi angekwenda mjini kuwaonyesha baba za watu makosa yao, na kila jioni angerudi nyumbani kumwambia wa kwake, "Muzuri, Papa." Usiku ule aliwaza hadi akachoka kuwaza, na alipoamka alikuwa bado hajaamua. Alijua tu kwamba hataweza kulitamka tena lile neno.

Ijumaa, saa sita kasorobo, Papa Kasimu alikuwa amevaa kanzu na kofia, mikono bado imelowa maji ya udhu. Karibu na mlango Mama Asha alikuwa ameshaweka tayari kikapu cha nguo za wiki, na juu yake suruali ya Floribert, iliyokuwa na mfuko mmoja kiunoni na mwingine karibu na paja. Ramla akasimama mbele ya baba yake na koti mkononi.

"Papa, mbele ya kuenda, niko na neno."

"Sema, mama."

"Hii veste. Kuku ya fasi ya kushoto beko vichwa chini. Mulikata kikwembe kikiwa kimekunjwa."

Mama Asha akasimama pale alipokuwa. Papa Kasimu akatabasamu, kama mtu aliyeambiwa mzaha usio na maana.

"Apana. Miye sikunje kikwembe iko na kichwa."

"Shika, Papa."

Akalipokea koti. Akalisogeza puani, akalipeleka mbali, akatoka nalo hadi juani, akalielekeza kwenye mwanga. Akaligeuza, akaligeuza tena. Tabasamu lilichelewa kuondoka usoni, likabaki pale bila kazi.

"Sione kuku," alisema taratibu. "Naona tu bintu bweupe."

Akaligeukia benchi la barazani.

"Mama Kapinga alikuwa hapa. Floribert alikuwa hapa."

"Bote baliona, Papa."

"Na weye."

"Na miye."

Akalikunja koti vizuri, kona kwa kona, akaliweka juu ya mashine. Akanyoosha kofia yake na kwenda msikitini. Ramla alimtazama akifika kwenye mfereji wa barabarani, akisimama, akitanguliza mguu mmoja kuupima kabla ya kuvuka. Wiki tatu alikuwa amemwona akivuka hivyo na kudhani ni uzee.

Saa ile ilikuwa ndefu. Mama Asha aliketi kwenye kigoda bila kugusa kikapu. Hakumgombeza binti yake, na Ramla angependa kama angegombezwa. Aliona amemtoa baba yake mahali pake pa miaka thelathini na kumweka barabarani. Mama Kapinga akapita, akachungulia, akaona kikapu kimejaa na wenye nyumba wamekaa, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa ule akaondoka bila kusema neno.

Siku nyingine za Ijumaa Papa Kasimu hubaki msikitini akizungumza na wazee wenzake hadi alasiri. Siku hiyo alirudi swala ilipokwisha tu. Akaketi kwenye mashine na kanzu yake, akaweka mkono juu ya koti.

"Naona moshi," alisema. "Tangu mwaka iliyopita. Kwanza nilisema ni makala ya pasi. Kiisha nikasema, tuone ku kazi, kazi haidanganye. Nikamuuliza Floribert, pantalon iko aje? Iko muzuri. Nikamuuliza Mama Kapinga. Iko muzuri. Nikamuuliza mama yako. Bantu bote niliuliza, bote iko muzuri. Nikasema basi, kama kazi iko muzuri, macho iko muzuri. Moshi ni ya makala tu." Akapapasa kola ya koti. "Nilifukuza mwana ya bantu juu ya tausi."

"Tulikuwa tunakuogopea," Mama Asha alisema.

"Ile sindano ya asubui ni weye?"

"Ni miye."

"Niliyua ni weye. Nilizani ni mapenzi."

"Ni mapenzi," Mama Asha alisema.

Papa Kasimu akatikisa kichwa kukubali. Akamngoja mkewe amalize kupangusa machozi kwa upande wa kitenge chake. Kisha akasema kwamba Jumatatu wampeleke kwa daktari wa macho, na kwamba yeye alikuwa tayari kwenda zamani, kama kuna mtu angemwambia yuko mgonjwa. Mama Asha akasema atampeleka yeye, kwa sababu Jumatatu Ramla ana ofisi. Na mtu amwite Floribert, Papa Kasimu akaongeza, aje na mdomo wake wa bien cousu, avae hii pantalon yake hapa barazani, watu wamtazame.

Ramla akacheka huku analia. Baba yake hakucheka, lakini alikuwa ameshavuta koti mapajani.

Akaufumua mshono kwa wembe, akiufuata kwa vidole tu, kichwa kimeinuka kuelekea barabarani; kazi hiyo haikuwahi kuhitaji macho. Kipande cha kushoto kikatoka kizima, kisicho na mkwaruzo. Akamwambia mkewe alete kile kitenge kilichobaki kabatini. Akakitandaza mezani bila kukikunja, akakilaza kipande cha zamani juu yake kiwe kipimo, akachukua chaki. Mkono ukasimama hewani.

"Ramla. Kichwa iko wapi?"

Ramla akakishika kidole cha baba yake, kile chenye ngozi ngumu ya sindano. Akakiweka juu ya kuku mmoja, kwenye kishungi, kisha akakishusha taratibu hadi kwenye miguu.

"Huku njo kichwa, Papa. Huku njo miguu."

"Usinidanganye."

"Sikudanganye."

Papa Kasimu akageuza kipande cha kipimo, bega lielekee kichwa, akapiga mstari wa chaki, na kuchukua mkasi.